Goli Ambalo Sikuliona

Msimu ule ulinuka udongo mbichi. Si udongo wa shamba uliokwisha zoea jembe, bali ule wa chini kabisa, mwekundu, wa baridi, ambao haukuwahi kuonana na jua tangu Mungu alipoiumba Ngara akasahau kuifunga mvua. Tulikuwa tunachimba handaki. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwa mkoa, na kila shule iliambiwa iwe na mahali pa kujificha ndege za adui zikija. Sisi wa kidato cha pili tulipewa upande mmoja wa uwanja wa mpira, kutoka kona hadi kona, kwa sababu hapo udongo ulikuwa laini. Harufu yake ilipanda ikakutana na harufu ya maharage yanayoungua jikoni, na mpaka leo, nikiwa mzee mzima wa kidato cha nne, nikisikia maharage yanaungua mikono yangu hutafuta sururu yenyewe.

Jina langu shuleni lilikuwa Redio, na sikupewa kwa sababu nilikuwa na betri. Nilikuwa beki wa kushoto, yaani mtu wa kusimama jirani na lile handaki, na kazi yangu niliifanya kwa mdomo zaidi kuliko kwa miguu. Nilimsimulia winga wa upande wa pili habari za shangazi yake mpaka akasahau mpira uko wapi. Tatizo ni kwamba na mimi nilisahau. Kapteni wetu, Deo, kijana mrefu wa Nyakisasa aliyekuwa mwaka wa mwisho, alikuwa kinyume changu. Maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kisoda. Siku moja baada ya mazoezi alisimama mbele yangu, akanitazama kama mtu anayekagua ndizi iliyoanza kuoza, akasema, "Redio, wewe unacheza na watu. Lini utacheza na sisi?" Nikamjibu kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na timu bila debe ni msiba. Kila mtu alicheka isipokuwa yeye. Swali lake lilinikera, na kilichonikera zaidi ni kwamba halikuwa na mzaha ndani yake ambao ningeweza kuuchomoa.

Kisha Mkuu wa shule akautamani uwanja. Tulimwita Ndugu Mavuno, maana hakuna kitu alichokiona asikipigie hesabu ya magunia. Alisimama mstarini asubuhi, fimbo kwapani, akasema, "Ndugu wanafunzi, nchi iko vitani. Shule inatakiwa kujitegemea. Uwanja ule ungetoa maharage. Ninyi mnatoa nini pale?" Nikanong'ona, "Jasho, Mkuu," na mnong'ono wangu, kama kawaida yake, ukafika hadi mstari wa walimu. Nikapewa masufuria yote ya jikoni niyasugue kwa mchanga. Lakini jioni ile Deo alinikuta huko na habari. Alikuwa amekwenda ofisini peke yake, akaamkia shikamoo, akaomba mechi moja ya mwisho dhidi ya vijana wa upande wa Biharamulo, ambao hatukuwa tumewafunga tangu shule ijengwe. Mkuu, aliyewajua vizuri wale vijana, akakubali kwa furaha. "Mkifungwa, Jumatatu mnakuja na majembe," alisema. "Msipofungwa, bakini na majani yenu." Niliendelea kusugua, ila utani ulikuwa umenikauka mdomoni. Ulikuwa uwanja wa majani ya kuchoma miguu na mteremko upande wa goli moja, lakini ndio mahali pekee shuleni ambapo hakuna aliyetuuliza tumezalisha nini.

Sasa mjue habari za Afande Zakayo. Alikuwa mwalimu wa mgambo, Msubi mwenye kifua kama pipa na filimbi iliyofungwa kwa kamba ya viatu, na kila alfajiri alitufundisha jambo moja tu. Filimbi ndefu ikilia, acha chochote ulichoshika, ruka ndani ya handaki, lala kifudifudi. Tuliacha uji, tuliacha sala, na kuna siku rafiki yangu aliiacha suruali yake chooni. Wa mwisho kuruka alizunguka uwanja kwa magoti. Kufika siku ya mechi, masikio yetu hayakuuliza tena ruhusa kichwani. Yalizungumza na miguu moja kwa moja. Na kwa kuwa mwalimu wa michezo alikwishakwenda vitani, refa wa mechi alikuwa nani? Afande Zakayo, na filimbi yake ile ile.

Wageni waliletwa na trela la trekta la kijiji, wamekaa juu ya magunia ya mihogo kama wafalme. Kipindi cha kwanza tulipambana vizuri. Afande alipuliza vifilimbi vifupi vifupi, pi, pi, kama kifaranga. Kisha Deo akamkwatua mshambuliaji wao karibu na eneo letu la hatari. Afande akakasirika, akavuta pumzi mpaka vifungo vikalalamika, akaipuliza ndefu.

Tulikwenda wote. Mabeki, viungo, mawinga, kapteni mwenyewe. Golikipa aliruka mwisho, akaniangukia mgongoni. Tulilala kifudifudi kwa utaratibu mzuri ambao Afande hakuwahi kuupata mazoezini. Huko juu tukasikia teke moja jepesi, halafu kicheko kama cha mnada mzima. Mtu wao alikuwa amepiga mpira wa adhabu kwenye goli lisilo na mtu. Deo alitoka na matope usoni kulalamika, na Afande akamjibu, "Firimbi imeria, mpira umepigwa. Nani kawaambia muende kurara?" Pembeni, Mkuu wa shule alikuwa tayari anaupima mteremko kwa macho.

Wakati wa mapumziko nilingoja ugomvi, maana timu iliyofungwa hutafuta wa kumla. Lakini tungemlaumu nani? Hakuna aliyebaki juu. Tulikaa duara tukipokezana kata ya maji, na kwa mara ya kwanza nilitazama nyuso zile kumi na kuona zimepakwa tope moja na langu. Nilikuwa na mzaha mzuri kuhusu makaburi ya pamoja. Niliumeza. Deo akasema, "Filimbi ni ya refa. Kuanzia sasa hakuna kuijibu. Ikilia, nitazameni mimi." Kisha akanigeukia. "Redio, ongea. Lakini ongea na sisi."

Basi nikaongea. Kipindi cha pili sikumgusa shangazi wa mtu. "Nyuma yako! Mwachie! Una muda, geuka!" Nilikuwa macho ya visogoni mwao, na wao wakawa miguu yangu, kwa maana winga alipokuwa ananipita nilikuta mwenzangu kesha fika kuziba. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakusema kwamba vidole lazima kwanza viambiane chawa yuko wapi. Hata hivyo goli halikuja. Jua lilianza kuinama, na Mkuu akatazama saa yake mara nyingi kuliko refa.

Ndipo Deo akachezewa vibaya karibu na goli lao, na filimbi ndefu ikalia tena. Miguu yangu ilitaka kuruka, lakini nilimtazama yeye. Watazamaji walikwisha anza, "Handaki! Handaki!" na wageni wote wakageuka kutungojea turuke, wameshika matumbo. Deo aliweka mpira chini taratibu. Akanitazama, akainua kidevu kuelekea handakini. Nilielewa kama vile nimesomewa.

Nikapiga yowe la mbuzi aliyeona kisu. Nikakimbia mikono juu, nikizunguka kama kuku asiye na kichwa, "Mama yangu nakufa, ndege hizo!" nikajirusha ndani kichwa mbele. Ulikuwa uchekeshaji bora wa maisha yangu. Inasemekana golikipa wao alicheka mpaka akashikilia mwamba asianguke. Mimi nilisikia kishindo kimoja, kisha kicheko kikakatika, kisha shule yetu ikalipuka. Goli lile sijaliona mpaka leo. Nilikuwa nimelala na tope mdomoni, nikipiga ngumi ukuta wa handaki peke yangu.

Mechi ikaisha sare, bao moja kwa moja. Mkuu alikuwa mtu wa neno lake: Jumatatu majembe tulishika, lakini kwenye kilima nyuma ya mabweni, penye mawe, na uwanja ukabaki na majani yake.

Siku hizi vita vimekwisha na Deo anafundisha kisomo cha watu wazima huko kwao. Sijui anafundishaje bila kuongea. Sabuni bado ni ya kutafutwa kwa tochi. Mimi bado nasugua masufuria kwa mchanga, kwa makosa mapya. Ila wale wadogo wa kidato cha kwanza hunijia pale uwanjani, wananiuliza mechi ile nani alifunga. Zamani ningewaambia ni mimi, hata kama siku hiyo ningekuwa nimelazwa hospitali ya Rulenge na malaria. Sasa nawajibu, "Tulifunga." Wanafikiri nawaficha jina.