Nywele Zilizowekwa Rehani

Msomaji wangu, yule mwalimu wa chuo kikuu niliyewahi kumsifu hapa kwa kuwaingiza wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika utafiti wake amefariki. Habari zilinikuta kwa fundi cherehani nikipimwa suruali, nikatafuta pa kukaa. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulijuana kwa salamu za kanisani na ubishi wa magazeti. Wenzake walimcheka kwamba anawapeleka machimboni watoto ambao hata njia ya maktaba hawajaijua. Yeye alijibu kuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huuliza asilolijua bila kuogopa. Akifika wa tatu ameshajifunza kunyamaza kama sisi. Nilimpenda kwa neno hilo. Tulimzika kijijini Samuye siku ya Jumamosi, nami nilirudi na aibu ambayo bado haijanitoka.

Utafiti wenyewe ulihusu zebaki. Wanawake wa machimbo madogo upande wa Geita huichanganya na mchanga kwenye karai ili ikamate dhahabu, kisha huichoma ili ibaki dhahabu tupu, na wengi huchomea kwenye jiko lile lile la ugali. Mwalimu alitaka kujua imewaingia kiasi gani mwilini, na kipimo chake kilihitaji nywele. Wewe unayeishi huku unajua uzito wa jambo hilo. Nywele za mtu haziachwi ovyo, sembuse kumpa mgeni mwenye mkasi na bahasha. Wanawake walikataa kwa adabu, wakawapa wageni maji ya kunywa, wakarudi kwenye makarai yao. Ndipo binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mzaliwa wa huko huko, alipofungua kilemba, akakata shungi la nywele zake na kumkabidhi bibi aliyekuwa mkubwa wao. “Mayu, zangu kaeni nazo,” alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. “Siku nikileta majibu yenu ndipo mtanirudishia.” Bibi alizifunga kwenye kitambaa, kisha akainamisha kichwa akatwe za kwake, na wenzake wakafuata. Mwalimu alinisimulia kisa hicho mara nyingi, kila mara kwa fahari.

Majibu yalitoka. Yalisomwa katika ukumbi wa hoteli mjini Mwanza, nami nilikuwepo, nikala wali kwa kuku na kupiga makofi. Hayakuwa mazuri hata kidogo, lakini yalikuwa yamepangwa vizuri, nasi tukausifu mpangilio. Binti alikuwa amekaa nyuma. Alipopewa nafasi aliuliza swali moja tu: wenye nywele tutawaambia lini? Mwalimu alisema gari likipatikana. Mhadhiri mwingine akamkumbusha binti kwamba majibu ya utafiti hayatangazwi na mwanafunzi, tukaenda kunywa chai. Gari halikupatikana, ukaja utafiti mwingine, kisha yakaja maradhi. Nilipomtembelea mwalimu hospitalini aliniambia kuwa binti yule akienda kwao likizo huzunguka mbali asipite kwa bibi. “Nimemfundisha mtoto kukwepa watu,” alisema, akageukia ukutani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikwenda, tukapona wenyewe.

Mazishini wasifu wake ulisomwa kwa kirefu, na utafiti wa zebaki ukatajwa wa kwanza. Ilipoulizwa kama kuna mwenye neno, alisimama yule bibi. Alikuwa amesafiri kwa basi na wenzake kutoka machimboni. Alimpa pole mjane, kisha akafungua kitambaa. “Tumekuja kumzika mwenzetu,” alisema. “Na nywele za mtoto huyu tumemletea. Mwenye kazi ameshakufa. Si vizuri mtoto abaki amefungwa.” Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Alikuwa anatusamehe kabla hatujaomba msamaha, na nyumbani kwake jiko lilikuwa bado ni lile lile.

Binti alikwenda hadi mbele yake, akapiga goti, akamwamkia, lakini mikono hakuinyoosha. “Bado, mayu,” alisema. “Kwanza majibu.” Akayasema pale pale kwa Kisukuma, mbele ya mkuu wa idara yake na sisi wapiga makofi wote: kwamba zebaki imeonekana kwenye nywele zao, kwamba wasichomee tena ndani wala kwenye jiko la chakula, kwamba watoto wakae mbali na moshi ule, na kwamba habari ya kila mmoja ataipeleka nyumbani kwake. Mama mmoja aliuliza kuhusu mtoto anayenyonya. Binti akamwambia hilo hawezi kulijibu yeye, lakini zahanati wataenda pamoja. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kuwa yeye ni mwanafunzi. Bibi alimnyooshea kitambaa, akasema, “Sasa zipokee,” naye akazipokea kwa mikono miwili.

Marehemu hakukosea kuwaamini watoto wa mwaka wa kwanza, na ningependa walimu wengine wamuige. Ila anayemfundisha mtoto kwenda kwa watu kuuliza amfundishe pia kurudi, na atangulie yeye mwenyewe njiani. Kati yetu sote tuliokula wali ule, ni binti peke yake aliyekuwa ameacha kitu chake kule. Sisi wengine hatukuacha hata unywele mmoja, ndiyo maana ilikuwa rahisi kwetu kusahau.