Siku Redio Yangu Ilipopeleka Posa

Kuna nyumba moja mtaani Galbet ambayo mpaka leo nikiikaribia navuta kofia hadi kwenye nyusi, na nyumba yenyewe ni ya wakwe zangu, kwa hivyo pimeni wenyewe hiyo aibu ilikuwa ya kiasi gani. Naisimulia mimi leo kwa sababu binamu yangu Yusuf anaisimulia kila harusi, na kila akiisimulia anajitoa yeye kwenye hadithi, ilhali alikuwepo, tena ndiye aliyecheka zaidi (mtaona alipochekea).

Ilikuwa miaka ya tisini, na barua zetu wakati huo zilikuwa kaseti. Mtu akiwa na neno la kumwambia ndugu yake aliye Wajir au Jidda, anaketi mbele ya redio, anasalimia ukoo mzima mmoja mmoja, anauliza habari ya mvua na mifugo, kisha ndipo anasema lililomkalisha, na kaseti inapewa msafiri. Baba yangu alikuwa ameshafariki, basi wa kuniposea Habiba, binti Mzee Hassan, alikuwa adeer, yaani baba mdogo, naye alikuwa na ngamia wake huko upande wa Wajir, ameteguka mguu, lori hawezi kupanda. Akatuma kaseti. Wazee wawili wa mtaa wetu waende nayo kwa Mzee Hassan, isikilizwe, na hiyo ndiyo posa. Na ilibidi iende haraka, maana kulikuwa na tajiri mmoja wa malori aliyekuwa anabisha mlango huohuo, na mimi Habiba nilikuwa nampenda mpaka chakula hakishuki.

Sasa mimi si nilikuwa nimenunua redio mpya. Kubwa, ya kaseti mbili, ina taa nyekundu na kijani zinazorukaruka, vitufe hata sijui vya nini, imeingilia mpakani Liboi pamoja na sukari na mitumba. "Hii Jaban orijino, ndugu," muuzaji aliniapia, "fitu yote inafanya beke yake." Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kijapani upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, na ule wa Kiarabu nilimpelekea maalim akausoma, akanirudishia, akaniuliza habari ya nyumbani.

Ningeiacha kaseti ya adeer ilivyokuwa, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini ilikuwa na upepo, na ngamia wanalia, nikaona si posa ya kupeleka kwa watu wa mjini, acha niinakili kwenye kaseti mpya, redio si inaweza? Nikaweka ya adeer upande huu, mpya upande ule, nikabonyeza, taa zikaruka, nikapunguza sauti kabisa ili tuzungumze na Yusuf tukinywa chai. Kumbe ubavuni mwa redio kuna kiswichi kidogo hivi (sikukiona, wallahi, kina ukubwa wa punje ya mchele): kikiwa juu redio inanakili kaseti, kikiwa chini inarekodi kwa maikrofoni yake. Kilikuwa chini. Halafu nilipoitoa kaseti ya adeer, redio ilikuwa imeutafuna utepe wote, nikautoa vipande vipande, nikasema si neno, nakala ninayo. Wala sikuisikiliza, nilikuwa naonea huruma betri.

Kwetu mwenye kuoa haingii kwenye kikao cha posa, wazee ndio husema. Mimi niliingia kwa sababu hakuna mzee aliyejua kuiwasha ile redio, basi nikaingia kama fundi, na Yusuf kama wa kubeba betri. Mzee Hassan ameketi mkekani, ndevu zina hina mbichi, wanawake wako nyuma ya pazia, na nikajua Habiba yuko hapo. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, taa zionekane zinavyoruka. Nikabonyeza.

Kwanza vikombe vikagongana. Mzee mmoja wetu akatikisa kichwa, akasema, "Adeer ameandaa chai kwanza." Kisha ikaja sauti yangu mimi, inasema, "Lakini yule Mzee Hassan ni bahili jamani, chai yake ni maji yaliyopakwa rangi."

Nikarukia kitufe cha kuzima, nikabonyeza kingine, besi ikapanda, ikawa sasa nautukana ukoo kwa sauti ya imamu. Nikanyoosha mkono tena, Mzee Hassan akaushika, taratibu tu.

"Usizime," akasema. "Hapa kwangu mtu akituletea maneno ya wazee wake tunayasikiliza mpaka yaishe."

Upande mzima. Tukasikia ngamia wake walivyokonda, tukasikia hina yake inavyofanya aonekane amelamba mchuzi (hapo ndipo Yusuf alipocheka, kwenye kaseti, na hapa mkekani akawa anahesabu kucha zake), tukanisikia nikijizoeza sauti ya unyonge ya kumwendea yeye, "Mzee wangu, mimi ni mtoto wako, nifundishe," na Yusuf ananiambia hapana, ongeza kilio kidogo. Nikaongeza. Wazee wetu wawili walikuwa wametazama chini muda wote, na mmoja alianza kutafuta kiatu.

Kaseti ilipoisha Mzee Hassan akaita chai, akanimiminia kwa mkono wake, akasema, "Kunywa. Hii ina maziwa." Nikanywa, nini ningefanya? Halafu akawaambia wazee wetu kwamba posa hajaisikia, na akitaka kuisikia ataisikia kwa mdomo wa adeer mwenyewe, si kwa hiyo takataka.

Nikaenda Wajir, adeer akapandishwa juu ya lori la mbuzi na mguu wake, akanitukana njia nzima, na alipofika Galbet akasema maneno machache ya kawaida, Mzee Hassan akayakubali bila hata kunitazama. Tajiri wa malori akaoa kwingine. Nilifikiri yamekwisha.

Wiki tuliyooana Habiba alikuwa amenuna, na mimi nikaanza kumwomba radhi kwa niliyomsema baba yake, nikataja chai, nikataja ngamia, nikataja hina, akaninyamazisha. "Hayo ya baba ni kweli," akasema. "Mimi nilisimama nyuma ya pazia upande mzima wa kaseti nikisubiri unitaje hata kwa neno moja. Ulisema juu ya chai, ukasema juu ya ngamia, ukaisifu redio mara tatu."

Redio niliiuza kesho yake.