Goli la Mpungi

Pale Hedaru, mbele ya maduka yanayouza kamba mpya za katani, mimi huziba pua na kuvuka barabara.

Utotoni kwetu Mhezi tulichezea mpira wa matambara, uliokazwa kwa kamba kuukuu ya kufungia mbuzi. Nyuma ya goli la chini kulikuwa na mpungi, msitu wa matambiko ambao mtoto haingii. Mpira ukiangukia humo haufuatwi, kwa hiyo mchezo uliishia hapo na aliyefunga ndiye mshindi, hata kama timu yake imeshafungwa kumi. Ndilo tuliloliita goli la mpungi.

Siku moja dada yangu alilifunga, kisha akaufuata mpira. Alisema ameutengeneza kwa mikono yake, hauachi. Tulimngoja mpaka ukungu ukatufika magotini. Akatoka anacheka, mpira kwapani.

Nyumbani bibi aliupokea, akaunusa.

“Nani amekupa?”

“Nimeuokota, bibi.”

“Nimeuliza nani amekupa.”

Dada akaacha kucheka. Nikasogea kuutazama. Matambara yalikuwa yale yale. Kamba ilikuwa mpya, nyeupe, inanuka katani iliyosokotwa siku hiyo hiyo.