Kipande cha Nyama cha Afande Marjan

Baba yangu, Afande Marjan, ni mkaidi, na ninampenda hivyo hivyo. Alikuwa askari magereza Jinja mpaka alipostaafu akahamia Nakaloke, karibu na Mbale, pamoja na mama yangu, Ramula. Mambo mengi ya kambini aliyaacha, isipokuwa namna ya kula. Kambini nyama ilikuwa haba, kwa hiyo askari alijaza tumbo kwa posho, yaani ugali, na nyama ikangoja mwisho. Baba yeye hata mwisho hakuigusa. Akishashiba posho, kipande chake alikisogeza upande wa Mama kwenye sinia, bila neno. Maisha yangu yote sijamsikia akimwambia Mama kwamba anampenda. Sinia lilikuwa likisema kwa niaba yake.

Kisha kisukari kikamwingia, na macho yakaanza kuona ukungu. Dawa alizimeza kwa nidhamu ya gwaride, lakini kila baada ya chakula cha mchana sukari ilipanda. Nilitoka Jinja, ninakofanya kazi, nikampeleka kliniki mjini Mbale. Nilikuwa nimekasirika, maana nilidhani anakula keki kwa siri.

Muuguzi, Sista Nabalayo, alimuuliza, "Afande, ukikaa kula, unaanza na nini?"

"Posho. Nyama napatia bibi yangu."

"Sasa sikia. Posho peke yake inageuka sukari mbio, na kongosho yako imechoka, inatoa insulini imechelewa. Ukianza na nyama ama maharage, na mboga, utumbo inatuma homoni mbele. Hiyo homoni inaambia kongosho itayarishe insulini, na inaambia tumbo ifungue geti pole pole. Posho ikikuja, inakuta askari iko zamu. Lakini ukiendelea na mtindo yako, macho itaenda."

Njiani nilisema kwa niaba yetu sote wawili.

Kesho yake Mama alipika nyama na mboga ya dodo, yaani mchicha. Baba alianza na nyama, akiitafuna kama mtu anayekula mali ya yatima, kisha dodo, kisha posho kidogo. Tulipompima baada ya swala ya alasiri, sukari ilikuwa imepanda kidogo tu. Nilifurahi nikapiga vigelegele peke yangu. Baba alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kipimo cha sukari, na nilimwonea huruma kuliko siku zote za ugonjwa wake.

"Mama Nasiba," alimwambia Mama, akimwita kwa jina langu, "sasa mimi nitakuwa nakupatia nini?"

Mama hakuacha kukusanya vyombo.

"Macho," alisema. "Mimi bado nataka kuangaliwa."