Msafiri wa Fez Nyumbani Kwangu

Kabla ya harusi mamangu aliniambia naolewa na mtu wa vitabu, nivumilie. Hakuniambia kwamba vitabu vyenyewe ni kimoja tu.

Mume wangu alifundisha historia katika shule moja ya Ganjoni hadi alipostaafu. Watu wote hapa Mji wa Kale wa Mombasa walimwita Mwalimu, na mimi nikamwita vivyo hivyo. Kitabu chake kilikuwa cha Kiarabu: habari za mwanachuoni wa Fez, kule Maghrebi, aliyezunguka dunia yapata miaka mia nne iliyopita. Mwalimu alikuwa akikifasiri kwa Kiswahili, na kila tukila aliniletea habari za mtu huyo kama za shemeji aliyeko ng'ambo.

Nikajua kwamba aliondoka kwao angali kijana, akamwacha mamake mlangoni, akaenda kutafuta elimu. Misri alisomea tiba. Bara Hindi alijifunza nyota, akazika mke. Alishuka kisiwani kwetu hapa akiwa na homa, akauguzwa na mwanamke ambaye jina lake hakuliandika.

"Hilo simsamehe," Mwalimu alisema. "Punda wake wote amewataja."

Baadaye vitabu vyake vilizama baharini, akaanza kuviandika upya kwa kichwa. Kila mwaka aliapa atarudi Fez, hata akafia katika mji ambao hapakuwa na aliyejua lugha yake.

Tulikusudia kwenda Fez Mwalimu akistaafu. Pasipoti tulizipata. Kisha mambo yakaanza kumtoka akilini: kwanza majina ya wanafunzi wa zamani waliomwamkia sokoni, halafu njia ya kutoka msikitini. Daktari alituambia maradhi haya hayana dawa, yanakwenda mbele tu.

Mistari ilipoanza kumchanganya macho, aliniomba nimsomee. Mimi Kiarabu nakisoma kama nilivyofunzwa utotoni katika chuo cha Kurani, matamshi sawasawa, maana sijui. Akaniwekea irabu kwa penseli, ukurasa baada ya ukurasa, ili nisikwame. Nilisoma, yeye akafasiri, nami nikaandika. Nadhani hatujapata kukaa pamoja vizuri kama wakati ule.

Alasiri moja nilisoma sentensi nikangoja. Alikuwa akinitazama kwa adabu.

"Wasoma vizuri, bibi," akasema. "Ni lugha gani hiyo?"

"Kiarabu, Mwalimu."

"Ahaa. Sikupata kujifunza."

Nilifunga kitabu nikaenda jikoni, nikasimama tu pale.

Tangu hapo akawa mgeni nyumbani mwake. Aliniuliza hii ni nchi gani. Nikimjibu Mombasa, alinishukuru kwa ukarimu, akaniambia mamake anamngoja Fez. Mamake Mwalimu tulimzika makaburini Kikowani, yeye mwenyewe akishika mbele ya jeneza. Siku moja nilimwambia hivyo. Alilia kama aliyepata habari ile saa ile, na kesho yake akaniuliza tena. Sikumwambia tena.

Kisha akatoroka. Mimi na majirani tulimpata Shimanzi, katikati ya malori, dereva mmoja amemkalisha kivulini na kumpa maji.

"Mzee asema aenda Fez," dereva akaniambia. "Ndiko wapi, mama? Mimi mwisho wangu Malaba, mpakani."

Sasa mlango naufunga kwa kufuli, na ufunguo naufunga kwenye pindo la leso. Yeye hujaribu kitasa, kisha hukaa chini bila kulalamika, jambo ambalo laniuma kuliko kama angenigombeza.

Ijumaa iliyopita nilimpeleka bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, apunge upepo. Nilimnunulia muhogo wa kuchoma, hakula. Aliwatazama watu wakipita na watoto wao, akatazama maji, kisha akanigeukia.

"Bibi, umenifadhili vya kutosha," akasema. "Una watu wako. Niache hapa, nitapata wa kunichukua."

"Wa kukuchukua ni mimi."

"La. Wewe ni mwenyeji tu. Wenyeji hawasafiri."

Nilikaa kando yake hadi wauza mihogo walipoanza kuzima makaa. Nikamshika mkono, akainuka, kwa sababu nguvu za kukataa hana tena. Njia nzima alitembea nyuma yangu kidogo, kama mtu anayepelekwa asikotaka.