Injini Niliyomfungia Baba Mkwe

Kwetu, watu wa asili ya Ngazija tuliozaliwa Madagaska, nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti yake, na mume huingia na sanduku lake la nguo kama mgeni aliyeruhusiwa kukaa. Nyumba ya mke wangu ilikuwa Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be, karibu na kwa wazazi wake. Mimi nilikuwa fundi wa injini Mahajanga, katika gereji moja ya Mangarivotra, na nilipanga chumba Antanimasaja. Kila nilipopata likizo nilipanda meli kwenda kulala chini ya bati ambalo sikulipigilia hata msumari mmoja. Hakuna aliyenisimanga. Nilijisimanga mwenyewe, maana nilikuwa na kiburi kikubwa kuliko mshahara wangu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Baba mkwe alisomesha chuo cha Kurani mjini Hell-Ville, na kila siku alikwenda huko kwa pikipiki ndogo ya Kifaransa iliyonizidi umri. Ilikuwa nyembamba, ina tangi dogo kama birika, na mlio wake ulikuwa wa kukohoa-kohoa. Siku za Ijumaa alimpakia mama mkwe nyuma. Njiani pana mlima, na wakiwa wawili pikipiki ilishindwa. Basi mama mkwe alishuka, akapanda kwa miguu, na mzee akamsubiri kule juu. Mke wangu aliponihadithia hayo alikuwa anacheka. Mimi uso uliniwaka. Mkwe ni fundi wa injini, halafu mama wa watu anapanda mlima kwa miguu!

Sikumuuliza mzee anataka nini. Kwetu mtu na mkwewe hawaambiani mambo usoni. Tulipeana salamu, tukaulizana afya, tukaitikia dua, basi. Mengine yote yalipitia kwa mama mkwe, kutoka kwake kwa binti yake, kutoka kwa binti yake kwangu. Nilimtuma mke wangu aniombee pikipiki niipeleke Mahajanga niitengeneze. Jibu likarudi kwa njia ileile: kijana asijisumbue. Nikasema hiyo ni adabu ya mzee tu, nikaibeba.

Gereji kulikuwa na injini ya pikipiki kubwa ya silinda moja, iliyobaki baada ya mwenyewe kugonga ukuta na kurudi kwao Ufaransa. Nguvu yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile ndogo. Haikuenea. Nilikata bomba la chini la fremu, nikachomelea vibao vipya vya kuishikia. Kichwa cha injini kikagusa tangi, nikalibonyeza tangi kwa nyundo ya mbao. Cheni ikakaa upande, nikahamisha gia ya gurudumu la nyuma. Wenzangu walikuwa wakipita wananiuliza kama nafunga injini ya meli. Nilifurahia utani wao kupita kiasi. Ilipowaka mara ya kwanza vikombe vya chai vilitetemeka mezani, nami nikafikiria mlima wa Nosy Be tu, wawili wao wakipita juu bila mtu kushuka.

Siku ya kuikabidhi majirani walikuja. Niliipiga kiki mwenyewe, nikaizungusha uwanjani, nikajaza tangi mpaka shingoni. Mzee aliweka mkono juu ya kiti, akaomba dua ndefu, akanishukuru huku akiangalia gurudumu. Keshoye nikarudi Mahajanga, kifua mbele.

Likizo iliyofuata nilifika Hell-Ville bila kutoa habari. Nikapanda nyuma ya lori linaloelekea Ambatoloaka, nikakaa katikati ya magunia ya mchele. Tulipotoka mjini tu, lori likapunguza mwendo. Nikachungulia. Baba mkwe alikuwa anatembea kando ya barabara, kanzu ameikunja hadi magotini, vitabu kwapani, mguu mmoja anauburuta kidogo. Akapanda mbele kwa dereva kama mtu aliyezoea. Hakuniona. Nilijikunyata nyuma ya magunia, na mama mmoja aliyekuwa na kuku akanitazama kama mwizi.

Dirisha la nyuma halikuwa na kioo. Walizungumza Kimalagasi cha pwani, nami nikasikia kila neno.

"Mwalimu, utatembea mpaka lini?" dereva aliuliza. "Siku nisipopita mimi unamaliza njia yote kwa mguu. Mwambie mkweo aiondoe ile injini."

"Nimwambie nini?" mzee alisema. "Kijana amekata chuma kwa ajili yangu."

"Lakini huwezi kuiwasha!"

"Sijaweza bado," alisema baba mkwe.

Sikuwa nimefikiria hilo. Wallahi, nilifikiria bomba, tangi, cheni na mlima, nikasahau mguu wa mzee aliyezoea kuiwasha pikipiki yake kwa ndara, kwa kuikanyaga tu. Injini kubwa ya silinda moja inataka mtu aining'inie kwa uzito wake wote. Ukiikosea, kiki inarudi kwa nguvu na kukupiga muundi.

Kabla ya kijiji, penye kibanda cha kukamulia mafuta ya manukato ya maua ya mlangilangi, lori lilisimama. Mzee akashuka, akaingia kibandani, akatoka anaisukuma pikipiki yangu, aliyoificha humo tangu asubuhi. Ndiyo, wakati ule niliiona kuwa yangu. Watu wa kibandani walimsaidia kuivusha mtaro, kisha wakamwachia. Aliikunjua kanzu, akajifuta vumbi, akaanza kuisukuma kuelekea nyumbani, ili jioni wapitao waikute imesimama mlangoni kwake. Kijiji kizima kilijua. Hata mke wangu alijua, na njia ile ya maneno iliyokuwa ikifika kwangu siku zote, safari hii ilizibwa kwa heshima yangu. Niliona aibu mle lorini. Nilishuka mbele zaidi, nikajificha nyuma ya mnazi mpaka apite.

Nilipokwenda kumwamkia, nilimwona amekaa barazani, safi, na pikipiki iko pembeni.

"Chombo chako kina nguvu sana, mwanangu," alisema.

"Alhamdulillahi, Baba."

Alipoingia ndani nilifungua kifuniko cha tangi. Mafuta yalikuwa shingoni, pale pale nilipoyaacha.

Nilidanganya. Nilimtuma mke wangu aseme kwamba gereji inaihitaji ile injini, naomba niirudishe. Jibu lilikuja upesi ajabu: hapana ubaya, kazi kwanza. Ile ndogo ilikuwa bado chini ya meza yangu Mangarivotra. Kuirudisha ndiko kulikonipa tabu, kwa sababu fremu nilishaikata. Ilibidi niunge kipande cha bomba kwa kukitia kingine ndani yake, na mpaka leo najua ule mshono ulikuwa wa kutia haya. Tangi halikunyooka tena.

Nilipoirudisha Ambatoloaka mzee alitoka na ndara zake. Mama mkwe alikuwa amesimama tayari na buibui lake, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa. Mzee aliinua pindo la kanzu ili akanyage kiki, nami nikauona muundi wake. Kovu lilikuwa refu, jekundu bado, limeshuka kutoka chini ya goti. Aliniona nikiliona. Akaachia pindo, akakanyaga, pikipiki ikakohoa, ikawaka.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa bega. Lakini alimgeukia mkewe.

"Mwambie kijana asijilaumu kwa mguu huu. Ni uzee tu."

Mama mkwe akanigeukia, akanirudia neno kwa neno kama mtu niliyekuwa ng'ambo ya bahari. "Baba yako anasema usijilaumu kwa mguu. Ni uzee tu."

Nilitaka kumwambia mama amwombe Baba anisamehe. Sentensi yenyewe nilikuwa nayo tayari tangu siku ya lori, nilikuja nayo melini, niliisema peke yangu njia nzima. Wote wawili walikuwa wananingoja, mzee akiangalia taa ya mbele.

"Mwambie Baba," nilisema, "nimemjazia mafuta."