Mabenchi ya Kijani

Harufu ya rangi mbichi ya mafuta hunitia hasira hadi leo. Juzi vijana wa mtaa walipaka lango letu rangi ya kijani, nikafunga madirisha yote na kununa mchana kutwa. Wajukuu wangu wanadhani ni uzee. Nyinyi nitawaambia kisa chenyewe, maana wao sijawahi kuwaambia.

Katika miaka ya hamsini tuliishi Nakuru, kwenye nyumba za wafanyakazi: mistari miwili ya vyumba vya mabati, kila familia chumba kimoja, na katikati uwanja wa vumbi jeupe. Mfereji wa maji ulikuwa mmoja. Ulifunguliwa alfajiri na kufungwa saa mbili, na foleni ya madebe ilifika hadi vyooni. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo aliyepanga foleni ni mimi. Kila siku nilifika shule nimechelewa, sketi imelowa chapachapa. Mwalimu alichoka kunichapa. Akaniambia nikizidi kuchelewa sitafanya mtihani wa darasa la nne, nikae nyumbani nilee watoto.

Ndipo akaja ofisa wa nyumba, Mzungu mrefu mwenye soksi za magotini, akaitisha baraza uwanjani. Alitaka kuupendezesha mtaa, na alitaka wenyeji wenyewe waseme. "Nyinyi nasema, mimi nasikia," alisema, kisha akakunjua mchoro uliokwisha kuchorwa: mabenchi manne yanayotazamana, ili watu wakae jioni wajuane. Kana kwamba hatukujuana. Kupitia kuta zile za mabati tulijua nani kakohoa na nani kalala bila mboga.

Wanawake hawakuitwa. Walisikilizia milangoni. Tangu jana yake mama alikuwa amemfunza baba la kusema, akilirudia kama anayemtuma mtoto dukani: mfereji wa pili, upande wetu. Lakini mzee wa mtaa aliwahi kusimama. "Tunashukuru sana, bwana. Hii kitu ni mzuri kabisa." Ofisa akauliza kama kuna mwenye neno. Nilimtazama baba, na baba akatazama kofia yake iliyokuwa mikononi. Mama aliingia ndani akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Mabenchi yakaja, yakanuka rangi wiki nzima, na hakuna aliyekaa. Angeuliza mtu angeambiwa. Nusu ya mtaa walikuwa wakwe wa nusu ya pili, na kwetu mama mkwe hakai akitazamana na mkwe wake. Mama Rasoa, jirani yetu, alikuwa akizunguka nyuma ya vyoo ili asikutane na mume wa binti yake. Leo awekewe benchi amkodolee macho?

Baadaye wanawake waliyabeba hadi mferejini. Wazo lilikuwa la mama, na lilikuwa zuri. Waliyapanga mstari mmoja, wenye mimba wakakaa, madebe yakawekwa pembeni. Asubuhi moja ofisa akapita, akakuta mabenchi yote yamejaa. Alifurahi mpaka akavua kofia.

"Naona? Sasa watu nakaa pamoja."

"Bwana, sisi tunangoja maji," mama akamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, akatupiga picha, akaenda zake. Mwezi uliofuata tuliletewa mabenchi mengine mawili.

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," alisema mama, na jioni ile hakumsemesha baba. Mimi nilimsemesha. Nilimwambia, "Ungesema tu."

Alfajiri niliamka nikakuta debe halipo. Baba alikuwa kwenye foleni, mwanamume peke yake, amekaa mwisho wa benchi na kofia yake ya kazi kichwani. Wanawake walimpa mgongo kwa haya. Wanaume waliopita walimtania: "Leo umeolewa wewe?" Alileta maji, akaenda kazini bila chai. Alifanya hivyo kila siku hadi nikafanya mtihani na kupita, na wenzake hawakuacha kumcheka. Mimi niliona ni haki yangu. Bado nilikuwa nimemkasirikia kwa kutazama kofia.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe mama aliponieleza. Chumba kilikuja na kazi, na vyote viwili viliondoka kwa neno moja la ofisa. Chumba chetu tulikipata kwa sababu mtu aliyekaa humo kabla yetu alisimama barazani akasema. Baba ndiye aliyemsaidia kufunga mizigo.

Hasira yangu kwa yule ofisa ilikwisha zamani. Iliyobaki ni kwa yule msichana aliyenawa uso kwa maji ya baba yake kila asubuhi, akaenda shule bila kumwambia asante.